Taa iliyumba, glasi hazikulia: mtikisiko wa tetemeko hupungukaje ukisafiri ardhini?

Mwalimu wa Pongwe

Salaam aleikum ndugu zangu. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na nina swali ambalo nimetembea nalo tangu Agosti 2020.

Usiku wa tarehe 12 mwezi ule, saa 2 na dakika chache, nilikuwa mezani nikisahihisha madaftari katika nyumba niliyokuwa nimepanga ghorofa ya tatu, Chumbageni. Taa ya sebuleni, ambayo huning'inia kwa waya wa mita 1 hivi, ilianza kuyumba taratibu, ikienda na kurudi kama mtoto aliye kwenye bembea, nami nikashikwa na kizunguzungu chepesi kama cha mtu aliyeteremka sasa hivi kutoka mashuani. Kizunguzungu kiliniondoka, lakini taa iliendelea kuyumba kwa muda mrefu. Jambo lililonishangaza zaidi ni kabati la vyombo, ambalo lilikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokaa. Glasi zilikuwa zimepangwa humo zikigusana, na hakuna hata moja iliyolia. Baadaye tulitangaziwa kwamba lilikuwa tetemeko la ukubwa wa takriban 6 na kwamba kitovu chake kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Nikipima kwenye ramani ninapata kama kilomita 250 hadi hapa Tanga.

Sasa nimehamia kwangu upande wa Pongwe, na nimehama na kabati lile lile, glasi zile zile na taa ile ile. Umbali wa kilomita 4 hivi kutoka nyumbani kuna machimbo ya mawe ya chokaa ambako miamba hupasuliwa kwa baruti. Baruti inapopigwa, glasi zote hulia kwa pamoja, mlio wa kufumba na kufumbua, ilhali taa hubaki imetulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Yaani kile kilichotikisika mwaka 2020 sasa hakitikisiki, na kile kilichonyamaza sasa ndicho kinachopiga kelele.

Kitabu tunachotumia darasani kinasema kwamba mtikisiko hupungua kadiri mtu anavyokuwa mbali na kitovu, kisha kinaendelea na mambo mengine. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, unapungua kwa kiasi gani, na kinachopungua hasa ni kitu gani?" Nilimwomba anipe muda. Naomba mwenye elimu ya jambo hili anisaidie, na pia anieleze kwa nini rafiki yangu wa Ngamiani, barabara ya 12, ambaye usiku ule alikuwa barazani akicheza bao, anaapa kwamba hakusikia tetemeko lolote.

Mtu wa Miamba, Muheza

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Nilisomea jiolojia, nami naona kwamba taa yako na glasi zako zimekwisha kujibu swali la yule binti; kilichobaki ni kuzisoma.

Mtikisiko hupungua kwa njia zaidi ya moja, na vitabu vingi vya shule huzichanganya. Ya kwanza ni kusambaa tu. Nishati iliyofyatuka kwenye kiini cha tetemeko haiongezwi njiani. Inapotoka humo huenda pande zote, kama puto linalovimba, na eneo la ngozi ya puto hilo huongezeka kwa mraba wa umbali. Umbali ukizidi mara 10, eneo huzidi mara 100, kwa hiyo nishati inayopita katika kila mita ya mraba hubaki sehemu moja ya mia. Kimo cha wimbi, yaani kiasi ambacho ardhi husogea huku na huko, hupungua mara 10 tu, kwa sababu nishati huendana na mraba wa kimo. Hayo ni mawimbi yanayopita ndani ya ardhi. Yako mengine yanayotambaa karibu na uso wa ardhi, na haya husambaa kama duara la maji kisimani, si kama puto. Umbali ukizidi mara 10, kimo chake hupungua mara 3 na kitu. Ndiyo maana mtu aliye mbali sana na kitovu aghalabu hutikiswa na haya ya usoni kuliko yale ya ndani.

Kusambaa huku hakubagui. Wimbi la haraka, yaani linalotikisika mara nyingi kwa sekunde, na wimbi la polepole, linalotikisika mara chache, yote hupungua kwa kipimo kimoja, kwa hiyo hakuwezi kueleza kwa nini taa iliyumba na glasi zikanyamaza. Hapo ndipo tunapoihitaji njia ya pili, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye utamu wa somo hili.

Mwamba si kitu kigumu mpaka mwisho. Wimbi linapopita, chembe zake husuguana, nyufa ndogo hufunguka na kufunga, maji yaliyomo katika vinyweleo husukumwa, na kila mara sehemu ya nishati hugeuka joto. Hasara hii hutozwa kwa kila mtikisiko mmoja wa kwenda na kurudi. Haitozwi kwa kilomita. Ni kama ushuru wa kivukoni: anayevuka mara nyingi ndiye anayefilisika. Sasa tufanye hesabu ambayo binti yako anaweza kuirudia kwa kikokotoo chake. Mawimbi ya pili ya tetemeko, yale yanayoisukasuka ardhi kando, husafiri kama kilomita 3.5 kwa sekunde katika ganda la dunia, kwa hiyo kutoka kitovu kile hadi Tanga yalichukua sekunde 71 hivi. Wimbi linalotikisika mara 10 kwa sekunde lilitikisika zaidi ya mara 700 kabla ya kukufikia. Wimbi linalochukua sekunde 2 kwa mtikisiko mmoja lilitikisika kama mara 36 tu. Tuchukue kwamba kila mtikisiko unapoteza asilimia 1 ya kimo chake, kiasi ambacho si kigeni kwa miamba ya ganda la dunia. Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 36, utabaki na asilimia 70 hivi. Izidishe mara 700, utabaki na chini ya sehemu moja ya elfu.

Hilo ndilo lililotokea Chumbageni. Mitikisiko ya haraka, ambayo ndiyo inayozifanya glasi zigongane, ilikuwa imekwisha kuliwa njiani. Ya polepole ilifika. Na taa yako, Mwalimu, ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu kitu kinachoning'inia kwa waya wa mita 1 kina mwendo wake wa asili wa sekunde 2, kwenda na kurudi. Katika mchanganyiko wote uliofika, taa ililiitikia wimbi linalofanana na mwendo wake na kuyapuuza mengine, kisha ikaendelea kuyumba yenyewe baada ya ardhi kutulia.

Sote tuliokulia pwani tunalijua jambo hili kwa masikio. Harusi ikiwa mtaa wa mbali usiku, zumari na kayamba hazikufikii. Kinachokufikia kitandani ni mdundo wa ngoma kubwa peke yake. Ukisogea, matari yanaanza kusikika, na ukifika uwanjani ndipo unapopata ngoma nzima.

Kuhusu baruti, njia ni fupi mno kwa ushuru kuwa mkubwa. Kwa kilomita 4 katika miamba ya juu juu, ambayo hupitisha mawimbi polepole zaidi, tuseme kilomita 2 kwa sekunde, wimbi lile la haraka hutikisika mara 20 tu. Hata kama miamba hiyo iliyopasuka na kunyauka inatoza asilimia 3 kila mara, zaidi ya nusu ya kimo hukufikia. Taa nayo haitikisiki kwa sababu mawimbi ya polepole ya kuiyumbisha hayakuzalishwa tangu mwanzo. Ufa unaoteleza katika tetemeko la ukubwa wa 6 huwa na urefu wa kilomita 10 hivi, na huchukua sekunde kadhaa kuteleza wote, ndiyo maana huzaa mawimbi marefu. Mashimo ya baruti ni ya mita chache na hulipuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Ipo njia ya tatu, mtawanyiko, nami nitaitaja kwa ufupi. Wimbi likikutana na ufa, tabaka jipya au jabali lililozungukwa na udongo, sehemu yake hukatwa na kupelekwa kando. Nishati haipotei, ila huchelewa na kufika vipande vipande, kwa hiyo mshindo hupungua na mkia wa mtikisiko hurefuka.

Nina tahadhari mbili. Ile asilimia 1 si sheria ya daima: katika miamba mingi hasara ya kila mtikisiko hupungua kiasi mtikisiko unapokuwa wa haraka zaidi, kwa hiyo tofauti halisi si kali kama hesabu yangu inavyoonyesha, ingawa inaelekea upande ule ule. Pili, tangu 2020 umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, chanzo cha mtikisiko na nyumba. Ghorofa ya tatu husogea zaidi kuliko sakafu ya chini, na sehemu ya jibu kuhusu rafiki yako wa bao imo humo.

Mama wa Kigamboni

Shikamooni nyote, na ahsante Mtu wa Miamba. Ninaongeza ushahidi wa upande wa pili, kwa sababu usiku ule nilikuwa nyumbani Kigamboni, na nikisoma alichoandika Mwalimu ninaona kana kwamba tunazungumzia matetemeko mawili tofauti.

Nilikuwa namlaza mtoto. Kilichoanza ni mngurumo, kama lori la mchanga linalopita barabarani, na vioo vya madirisha vikaanza kulia kwa mlio mwembamba wa haraka. Nilinyanyua kichwa kusikiliza, kwa kuwa barabara yetu haipiti malori usiku. Nilikuwa bado nasikiliza, kwa makadirio yangu sekunde 8 au 10, ndipo kitanda kikasukwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, sahani zikagongana jikoni, na majirani wakaanza kuitana nje. Kwa hiyo kwetu glasi zililia na taa ziliyumba, yote mawili. Je, hiyo inakubaliana na hesabu ya ushuru? Na kile kimya kifupi kati ya mngurumo na kusukwa kilikuwa nini?

Mtu wa Miamba, Muheza

Marahaba, Mama, na umeeleza vizuri sana. Inakubaliana. Kigamboni ilikuwa kama kilomita 70 hadi 80 kutoka kitovu, kwa hiyo wimbi la mitikisiko 10 kwa sekunde lilitikisika kama mara 210 kabla ya kukufikia. Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 210 na utabaki na sehemu moja ya nane hivi. Imepungua sana, lakini mbele ya ile sehemu moja ya elfu ya Tanga, ni nyingi ya kutosha kuamsha sahani. Ninyi mlikuwa uwanjani pa harusi. Sisi tulisikia ngoma kubwa tu.

Kile ulichokiita kimya ni pengo kati ya mawimbi ya kwanza na ya pili. Ya kwanza husukuma na kuvuta mwamba kuelekea yanakokwenda, kama sauti ifanyavyo hewani, na husafiri kama kilomita 6 kwa sekunde. Ya pili, yale ya kusukasuka, huja nyuma kwa kilomita 3.5. Kila sekunde ya pengo kati yake ni kama kilomita 8 za umbali, hivyo sekunde zako 9 zinatupa kilomita 72. Hapa Tanga pengo lilikuwa karibu nusu dakika, na mawimbi ya kwanza yalikuwa yamefifia kiasi kwamba wengi wetu hatukuyatambua.

Fundi Mwashi, Ngamiani

Hamjambo. Mimi ni mwashi, si msomi wa miamba, lakini kuna jambo nimeliona kwa macho ambalo haliendani na haya ya umbali, nami nataka nieleweshwe kwa sababu lina uzito katika kazi yangu.

Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9, nilikwenda Bukoba kumsaidia shemeji yangu kujenga upya. Kulikuwa na nyumba mbili za ndugu wawili, tofali za aina moja, fundi mmoja, zimejengwa mwaka mmoja. Moja ilikuwa mlimani juu ya mwamba, nyingine bondeni karibu na maji, na kati yake ni mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Ya mlimani ilikuwa na ufa mmoja juu ya mlango, wa kuingiza kidole kidogo. Ya bondeni ukuta wake wa nyuma ulikuwa umelala chini mzima, na tofali zimetengana moja moja, zinabebeka kwa mkono bila kuzivunja udongo. Umbali kutoka kitovu ni ule ule kwa nyumba zote mbili. Sasa kama mtikisiko hupungua kwa umbali, kwa nini ukuta mmoja usimame na mwingine ulale?

Ninauliza pia kwa sababu hapa Tanga watu wanaanza kuniita nijenge ghorofa kwenye viwanja vilivyojazwa kifusi karibu na mikoko.

Mtu wa Miamba, Muheza

Fundi, swali lako ni zito kuliko la kwetu sote, nami nitalijibu kwa kirefu.

Njia yote kutoka kitovu hufanya kazi ya kupunguza, lakini makumi machache ya mita za mwisho, zile zilizo chini ya msingi wa nyumba, zinaweza kurudisha kile ambacho umbali umekichukua. Wimbi linapotoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye udongo laini, mwendo wake hupungua ghafla. Nishati ile ile inayoendelea kuja nyuma yake inabanwa katika mwendo mdogo, na kwa kuwa haiwezi kutoweka, kimo cha wimbi huongezeka. Mawimbi ya bahari hufanya vivyo hivyo yanapofika maji mafupi: yanapunguza mwendo, yanainuka. Kwa mfano, mwamba unaopitisha mawimbi ya pili kwa mita 2,000 kwa sekunde ukiwa umefunikwa na udongo wa mfinyanzi unaopitisha kwa mita 200, kimo huongezeka mara 3 na nusu au zaidi, hata kabla ya kuhesabu mwangwi.

Na mwangwi upo. Wimbi likinaswa kati ya uso wa ardhi na mwamba ulio chini, hupanda na kushuka, na kama mtikisiko unaoingia unaoana na unene wa tabaka lile, hujilimbikiza. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa Mexico City. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Pasifiki ya Meksiko, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji huo. Kwa umbali ule mtikisiko kwenye miamba ya pembezoni mwa mji ulikuwa wa wastani tu. Lakini katikati ya mji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale, ambalo katika sehemu nyingi lina unene wa mita 40 hivi na hupitisha mawimbi kwa mita 80 tu kwa sekunde. Zidisha unene kwa 4, gawanya kwa mwendo: unapata sekunde 2, ndio muda wa tope lile kuyumba mara moja, kwenda na kurudi. Mawimbi ya sekunde 2 ndiyo hasa yaliyookoka safari, kama ile taa ya Mwalimu ilivyotuonyesha. Tope likayapokea, likayakuza mara nyingi, na majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya ghorofa kati ya 6 na 15 hivi, kwa kuwa muda wake wa asili wa kuyumba ulikaribia zile sekunde 2 za tope. Maelfu ya watu walikufa, ilhali nyumba nyingi fupi za jirani zilibaki zimesimama.

Kwa hiyo kuhusu viwanja vya kifusi karibu na mikoko, Fundi, nakuomba usichimbe msingi wa ghorofa kabla udongo haujapimwa, na upimwe mpaka inapofahamika mwamba au mawe ya matumbawe yako kina gani. Mchanga uliojazwa na kulowa una hatari nyingine tena, kwamba ukitikiswa kwa nguvu huweza kulegea na kutiririka kama uji. Tanga haiko kwenye Bonde la Ufa, na hilo ni la kushukuru, lakini umbali hupunguza zaidi mitikisiko inayoumiza nyumba fupi kuliko ile inayoyumbisha ghorofa. Wanaopanda juu ndio wanaopaswa kuuliza maswali ya matetemeko ya mbali.

Niongeze kwamba hata mwamba wenyewe si mmoja. Miamba ya kale, baridi na isiyovunjika hutoza ushuru mdogo sana. Tarehe 23 Agosti 2011 tetemeko la ukubwa wa 5.8 katika jimbo la Virginia, Marekani, lilisikika kuanzia Georgia hadi Kanada na kuutia nyufa mnara wa Washington ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka kitovu, wakati matetemeko ya ukubwa huo huko California, ambako ganda la dunia ni changa na limekatwakatwa na nyufa, husikika eneo dogo zaidi. Kwetu, tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa wa 6.8, lilisikika hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 900, na sehemu kubwa ya njia hiyo hupita katika miamba ya kale sana ya katikati ya Tanzania. Lile la 2020 lilitujia kwa njia tofauti, kupitia mashapo mazito ya mwambao, ambayo huila mitikisiko ya haraka bila huruma. Ninavyoona mimi, hiyo nayo ni sababu ya glasi za Mwalimu kunyamaza.

Mzee wa Raskazone

Nawasalimu wanangu. Nimestaafu kazi ya upimaji wa ardhi, na nimefurahi kuona hesabu zikifanywa hadharani. Nina rekebisho moja kwa wanaosema mitaani kwamba "Dar lilikuwa 6, Tanga lilikuwa 3". Tetemeko lina ukubwa mmoja tu, hata ukilipimia Lindi au Lushoto. Kinachobadilika mahali hadi mahali ni ukali wa mtikisiko, ambao hupimwa kwa kipimo kingine, cha Mercalli, kwa kuangalia kilichowapata watu na nyumba.

Lakini ni vizuri wanafunzi wajue kwamba ukubwa wenyewe umezaliwa kutokana na swali hili la kupungua. Charles Richter alipotunga kipimo chake mwaka 1935 huko California, alichora kimo cha mitikisiko kilichoandikwa na mitambo iliyokuwa umbali mbalimbali kutoka matetemeko mbalimbali, akaona kwamba michoro yote huteremka kwa namna inayofanana. Tetemeko kubwa likiwa juu, dogo chini, lakini mteremko ni mmoja. Kwa hiyo akaamua kuyalinganisha yote kana kwamba yamepimwa kilomita 100 kutoka kitovu. Mtambo aliouchagua ukiandika mstari wa milimita 1 kwa umbali huo, tetemeko ni la 3. Ukiandika milimita 10, ni la 4. Kila mara mtambo ulipokuwa karibu au mbali zaidi, alisahihisha kwa kutumia ule mteremko. Basi mteremko ule ulikuwa wa miamba ya kusini mwa California, na kila nchi inayotaka kutumia hesabu ya namna hiyo kwa uaminifu inabidi ipime mteremko wa miamba yake yenyewe. Ushuru wa kivuko cha watu wengine si wa kutozea kivuko chako.

Mwalimu, nakushauri hivi: tundika mawe kwa nyuzi za urefu wa sentimita 25, mita 1 na mita 4 katika ngazi za shule. Utakuwa na vipimo vitatu kama ile taa yako, vya sekunde 1, 2 na 4.

Mwalimu wa Pongwe

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu niliyapeleka maneno yenu darasani.

Ngazi zetu hazifiki mita 4, kwa hiyo jiwe la uzi mrefu tulilitundika kwenye tawi la mwembe, tukalizungushia mikeka upepo usiliguse. Ya sentimita 25 na ya mita 1 yako ndani. Kisha, kwa kuwa Fundi alinikosesha usingizi, tuliongeza jambo moja. Tulijaza maji sufuria mbili zinazolingana. Moja tuliiweka juu ya mwamba ulio wazi nyuma ya madarasa, nyingine tukaiweka kwenye udongo wa mfinyanzi wa bondeni, mahali ambapo kwa hatua zetu pako karibu sawa kwa umbali na machimbo. Kila sufuria ilikuwa na wanafunzi wanne, mmoja akihesabu sekunde kwa sauti.

Baruti ilipigwa Alhamisi, saa 10 jioni. Mawe yote matatu hayakusogea, na msichana aliyeuliza swali, ambaye alikuwa amelala chali chini ya mwembe akilitazama lile la mita 4 dhidi ya jani, alisisitiza tuandike "halikusogea kabisa". Juu ya mwamba, maji yalijikunja vijikunjo vyembamba kama ngozi ya maziwa, yakatulia kabla mhesabuji hajafika 2. Bondeni vijikunjo vilikuwa vipana zaidi, na yule kijana aliendelea kuhesabu hadi 5.

Tumekubaliana kurudia mara sita zaidi kabla ya kuandika chochote ukutani, na mara tatu kati ya hizo tutabadilishana sufuria.